Muuzaji, niulize kwanza kompyuta yangu ni ipi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niwaeleze wasomaji wako jambo lililonipandisha Coaster ya Mbeya mara tatu ndani ya mwezi mmoja, likala sehemu ya michango ya wazazi, na likanifanya nikeshe usiku mmoja nikiingiza upya alama za wanafunzi 142. Jambo lenyewe linaenea kiganjani. Ni kile kidude chenye waya mfupi wa USB-C upande mmoja, na upande wa pili kina matundu mengi: ya flashi, ya projekta, ya waya wa intaneti, ya kadi ya kamera. Madukani wanakiita habu. Kuna na kaka yake mkubwa, anayekaa mezani na chaja yake mwenyewe. Huyo wanamwita doki.

Mimi ni mwalimu wa Fizikia na Hisabati katika sekondari ya kata hapa Rungwe, mwaka wa 22 sasa. Shule yetu ina projekta moja na kompyuta mpakato moja ya ofisi ya taaluma. Mwaka huu wazazi walikubaliana kikaoni wachange ili tuweze kuwaonyesha watoto majaribio kwa picha, kwa kuwa vifaa vya maabara havitoshi. Kuna mzazi aliyeuza mikungu miwili ya ndizi ili atoe mchango wake, na aliniambia hivyo mwenyewe, bila kulalamika. Ndiyo maana nazungumzia shilingi 45,000 kwa uzito ambao huenda msomaji wa mjini akaona umezidi.

Tatizo lilianzia kwenye tundu la HDMI la kompyuta ile, lile linalopeleka picha kwenye projekta. Lililegea. Ukigusa waya picha inapotea, ukiushikilia inarudi, na huwezi kufundisha huku mwanafunzi mmoja kashikilia waya kipindi kizima. Mwalimu mwenzangu kijana akaniambia, "Mwalimu, si ina tundu la USB-C huku kushoto? Nunua habu, utapata HDMI nyingine." Niliona amesema kweli. Jumamosi nikapanda gari alfajiri, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya chai, saa nne nikawa Mwanjelwa, mjini Mbeya.

Duka la kwanza niliingia, kijana akanipokea vizuri. "Shikamoo mama, karibu." Nikamwitikia, nikamwambia nataka habu ya USB-C yenye HDMI. Akaishusha kutoka kwenye msumari. "Hii hapa, saba kwa moja. Ina kila kitu." Nikalipa 45,000, nikachukua risiti, nikaondoka. Tangu naingia hadi natoka hakuniuliza kompyuta yangu ni ya aina gani, wala mimi sikujua kwamba ni swali la kuulizwa.

Jumatatu, Kidato cha Tatu wameketi, madirisha tumeyaziba kwa kanga. Nikachomeka. Taa ya habu ikawaka. Flashi ikasomeka, mausi ikatembea. Projekta ikabaki na ukuta wake wa bluu, ikisema haioni chochote. Nilibadilisha waya, nikazima na kuwasha, kipindi kikaisha.

Niliporudi Mbeya nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia yule kijana. Hakubishana. Alichukua habu ile ile, akaichomeka kwenye kompyuta yake, akavuta waya hadi kwenye televisheni ya dukani, na picha ikatokea mara moja, safi kabisa. "Mama, habu ni nzima. Kompyuta yako ndiyo haitoi picha kwenye USB-C." Tukachomeka ya kwangu, ambayo safari hii nilikuwa nimeibeba. Kweli, giza.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize vizuri, kwa sababu naamini wengi wanaopoteza fedha wanazipoteza hapa. USB-C ni jina la umbo. Umbo hilo lilitoka mwaka 2014, lina pini 24, na uzuri wake ni kwamba halina juu wala chini, unachomeka utakavyo. Lakini tundu la umbo hilo hilo linaweza kupitisha data kwa gigabiti 40 kwa sekunde, au kwa megabiti 480 tu. Linaweza kupokea chaji ya kompyuta au lisiipokee. Linaweza kutoa picha au lisitoe milele. Yote yanategemea mtengenezaji aliunganisha nini nyuma ya tundu. Ni kama bomba la maji ukutani: linaweza kuwa jipya na linang'aa, lakini kama hakuna paipu iliyovutwa hadi hapo, utafungua mpaka uchoke.

Picha inapita kwenye USB-C kwa utaratibu unaoitwa DisplayPort Alt Mode. Baadhi ya zile pini zinaacha kubeba data na kubeba picha. Habu haitengenezi picha yoyote. Kazi yake ni kupokea picha hiyo na kuigeuza iwe HDMI au VGA, ile ya projekta za zamani. Kompyuta nyingi za bei ya chini tayari zina HDMI yake pembeni, kwa hiyo aliyezitengeneza hakuona haja ya kuingia gharama ya kuivuta picha hadi kwenye USB-C pia. Ya kwetu ilikuwa hivyo. Kwa maneno mengine, kompyuta ambayo HDMI yake imekufa ndiyo hiyo hiyo inayoelekea kutookolewa na habu. Hili ningelijua mapema ningeokoa mengi.

Utajuaje? Kwanza tazama alama ndogo karibu na tundu lenyewe. Ukiona herufi D na P zilizoshikana, picha inapita. Ukiona radi yenye ncha ya mshale, hiyo ni Thunderbolt, inapitisha picha na data kwa kasi kubwa. Alama ya betri au ya plagi maana yake ni chaji. Alama ya USB peke yake, au pasipo alama kabisa, usiamini wala usikatae: geuza kompyuta, soma jina na namba ya toleo chini yake, kisha tafuta maelezo yake kwenye tovuti ya mtengenezaji, uone wameandika nini kuhusu tundu hilo. Na kama hayo yote ni mzigo, beba kompyuta yako uende nayo dukani. Hakuna kipimo kinachoshinda hicho.

Kijana alinionyesha habu nyingine, aina inayotumia DisplayLink. Hiyo haihitaji pini za picha. Inapitisha picha kama data ya kawaida, kwa msaada wa programu unayoiweka kwenye kompyuta, na inafanya kazi hata kwenye tundu la USB la zamani. Alitaka 130,000. Nilimuuliza kama itaonyesha video bila kukwama kwenye kompyuta dhaifu kama yetu, na namshukuru kwa kunijibu ukweli: kwa maandishi na picha zilizotulia ni sawa, kwa video processa itahangaika. Video ndiyo niliyoifuata. Sikununua.

Habu yangu ya 45,000 sikuirudisha. Haikuwa na kosa, na makamu mkuu wa shule ana kompyuta yake binafsi, nyembamba, yenye matundu mawili ya USB-C na si kingine. Ya kwake inatoa picha. Akajitolea tuitumie darasani. Siku ile watoto walipoona mwale wa mwanga ukipinda ndani ya glasi ya maji, mkubwa ukuta mzima, walinyamaza kwanza, halafu wakaanza kuuliza maswali ambayo sijaulizwa miaka yote hii kwa mchoro wa ubaoni. Kwa hiyo sisemi habu ni kitu kibaya. Nakitetea. Ninachotaka ni kila mtu apate inayomfaa.

Basi tukaingia somo la pili, la chaji. Makamu hakupenda kubeba chaja yake ya wati 65 kila siku, kwa hiyo shuleni tulichomeka chaja ya simu kwenye tundu la chaji la habu. Kwenye boksi la habu imeandikwa wati 100 kwa herufi kubwa, tukajua tumemaliza. Baada ya vipindi viwili betri ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 80 hadi 60, ingawa taa ya chaji inawaka muda wote.

Wati 100 ile ni kiwango cha juu ambacho habu inaweza kupokea na kupitisha. Habu haizalishi umeme. Ukiipa chaja ya simu ya wati 25, hizo 25 ndizo zilizopo, na habu inakula kwanza ya kwake. Habu nyingi hujitengea wati 10 hadi 15 kwa ajili yake na vitu vilivyochomekwa. Kinachofika kwenye kompyuta ni makombo. Hata chaja halisi ya wati 65, ikipita kwenye habu, inaifikishia kompyuta kama wati 50, na baadhi ya kompyuta zitakuandikia kwamba chaja ni dhaifu. Kwa kazi za ofisi wati 50 zinatosha. Kwa kompyuta kubwa za kuhariri video, nunua chaja yenye nafasi ya ziada.

Halafu kuna waya. Nimelifanya hili kuwa swali darasani, na wanafunzi wamelipenda kwa sababu wanaligusa kwa mikono. Waya wa kawaida wa USB-C unaruhusiwa kupitisha ampea 3. Kompyuta huchajiwa kwa volti 20. Zidisha: wati 60. Ukitaka 100 lazima zipite ampea 5, na waya wa ampea 5 sharti uwe na chipu ndogo ndani inayoiambia chaja kwamba waya huu unamudu. Bila chipu hiyo, chaja haitazidisha hata kama ina uwezo. Tangu mwaka 2021 kiwango kimepandishwa hadi wati 240, kwa volti 48 na ampea 5 zile zile. Nyaya mbili zinaweza kufanana kama mapacha pale mezani, moja ya 60 na nyingine ya 100, na tofauti ikawa kwenye maandishi madogo tu, au pasiwe na maandishi kabisa. Kwa waya usio na maandishi, mimi sasa nahesabu 60.

Lililoniuma zaidi lilikuja wakati wa mtihani wa utamilifu wa Kidato cha Nne. Ilikuwa jioni, mvua ya Rungwe inapiga bati mpaka husikii mtu akiongea. Nilikuwa naingiza alama, wanafunzi 142, masomo tisa, kwenye kompyuta ya makamu. Faili nimelifungulia moja kwa moja kwenye flashi, flashi imechomekwa kwenye habu, na chaja nayo inapita kwenye habu hiyo hiyo. Umeme ukakatika, ukarudi papo hapo. Kompyuta haikuzima, ina betri. Skrini haikupepesa. Sikuona hatari yoyote. Nilipobonyeza kuhifadhi, ikasema haioni flashi. Nilipoichomoa na kuichomeka tena, faili halikufunguka, wala halikufunguka kwenye kompyuta nyingine yoyote.

Nilichojifunza baadaye ni hiki. Chaja inapopita kwenye habu, habu na kompyuta vinakubaliana nani anampa mwenzake umeme. Umeme ukikatika ghafla, makubaliano yanavunjika na yanaanza upya, sasa kompyuta ndiyo imlishe habu. Katika habu nyingi, hasa za bei ndogo, katika sekunde hiyo moja kila kilichochomekwa kinachomoka na kurudi, kana kwamba mtu kaking'oa kwa mkono. Kama wakati huo kompyuta ilikuwa inaandika kwenye flashi au diski ya nje, faili linaweza kuharibika. Hata wewe mwenyewe ukichomoa chaja kwenye habu, inaweza kutokea.

Karatasi za alama zilikuwepo, namshukuru Mungu. Niliziingiza upya hadi saa nane za usiku. Tangu siku hiyo faili linakaa kwenye kompyuta, na flashi inapokea nakala tu kazi ikiisha. Na kompyuta yenye matundu mawili ya USB-C, ambayo yote mawili yanapokea chaji, naichomekea chaja moja kwa moja kwenye tundu moja na habu kwenye tundu la pili. Hapo umeme ukienda, habu haijui kitu.

Jambo hili ndilo linanifanya nitofautiane na wanaoshauri kila ofisi inunue doki. Nimeulizwa na walimu wa shule mbili za jirani, na nimewajibu wasinunue. Doki ni nzuri: unaiacha mezani, unachomeka waya mmoja, unapata skrini, kibodi, intaneti na chaji kwa pamoja, na haina njaa ya umeme wa kompyuta kwa sababu ina wake. Lakini huo umeme wake unatoka ukutani. Ukikatika, doki inakufa na vyote vilivyoning'inia kwake vinakufa: skrini, kibodi, mausi, diski. Kompyuta ina betri ya saa nne na huwezi kuitumia kama ulivyozoea, na diski imeng'olewa katikati ya kazi. Habu ndogo inayolishwa na kompyuta inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Huku kwetu, ambako mvua na radi ni ndugu wa miezi mingi, nasema habu kwa shule, na doki kwa ofisi yenye UPS, ile betri ya akiba ya mezani, na doki iwe imechomekwa kwenye UPS hiyo.

Na tahadhari kwa doki za mtumba, ambazo naziona zikiongezeka Mbeya pamoja na kompyuta za maofisini kutoka nje. Bei inavutia. Lakini nyingine zina mdomo wa kampuni moja tu, wala si USB-C. Nyingine zina mdomo wa USB-C na ndani ni Thunderbolt 3, na nyingi za kizazi hicho hazifanyi kazi kabisa ukizichomeka kwenye USB-C ya kawaida. Nyingine zinauzwa bila chaja yake, na chaja ya doki si ya kuokoteza. Usitoe fedha kabla hujaiona ikifanya kazi na kompyuta yako.

Mambo mengine nitayapita haraka. Ile 4K, yaani picha yenye nukta nyingi sana, inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, mara nyingi ni ya hezi 30, yaani picha inabadilika mara 30 kwa sekunde, na mausi inaonekana kuburuta kwenye skrini ya aina hiyo; anayetaka 4K laini atafute palipoandikwa hezi 60 na ahakikishe kompyuta yake nayo inaweza. Kwa projekta za shule hilo halituhusu, maana nyingi hazifiki hata nusu ya 4K, tusilipie. Kama projekta yenu ni ya VGA, teknolojia ya mwaka 1987 ambayo bado inatulisha, tafuteni habu yenye VGA yake, na mkumbuke kwamba VGA haibebi sauti, kwa hiyo andaeni spika. Mausi isiyo na waya ikianza kurukaruka, sogeza kile kipokezi chake kidogo kinachochomekwa kwenye tundu mbali na diski ya USB 3, ile USB ya kasi, kwa sababu USB 3 inatoa kelele za redio kwenye masafa yale yale ya gigahezi 2.4, Intel walilieleza hilo mwaka 2012, na mimi nimelithibitisha kwa kuhamisha tundu tu. Mdogo wangu anayepiga picha za harusi Njombe anasema kwake cha kwanza ni kasi, kwa sababu kadi ya gigabaiti 64 kwenye tundu la megabiti 480 inamla nusu saa nzima, na habu nyingi zina tundu moja tu la kasi, mengine yote ni ya zamani. Asome pembeni ya kila tundu, asisome boksi.

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu. Kompyuta zenye USB-C peke yake zinakuja kwa wingi. Umoja wa Ulaya umeshaweka sheria: simu mpya zinazouzwa huko zichajiwe kwa USB-C kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na kompyuta mpakato kuanzia tarehe 28 Aprili 2026. Kinachouzwa Ulaya leo ndicho mtumba wetu wa kesho. Shule na ofisi nyingi za Nyanda za Juu Kusini zitajikuta na kompyuta nyembamba na projekta za zamani, na zitahitaji habu.

Kwa hiyo naomba wauzaji wetu wa Mwanjelwa, Kabwe, Miyomboni kule Iringa, Makambako na Njombe mjini, swali la kwanza kwa mteja liwe: kompyuta yako ni ipi? Kama hajaja nayo, mwombeni apige picha pembeni na chini ya kompyuta awatumie. Wekeni habu moja ya majaribio na skrini kuukuu pale kaunta. Aliyetoka Makete au Ileje hawezi kurudi kesho kama wa Soweto ya hapo Mbeya mjini. Na mahali boksi linaposema uongo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, kwa hiyo mteja asione aibu kurudi na risiti yake mkononi.

Nawaomba na wakuu wa shule na maofisa manunuzi. Tunapoingiza mahitaji kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, tusiandike "habu ya USB-C, moja" tukanyamaza. Tutaletewa inayolingana na maneno hayo, na msambazaji hatakuwa na kosa. Tuandike jina na toleo la kompyuta itakayochomekwa. Tuandike kama projekta ni HDMI au VGA. Tuandike wati za chaja tuliyonayo, na kwamba habu ijaribiwe mbele ya mwalimu kabla ya kupokelewa. Mistari minne tu. Mkuu wangu wa shule amekubali, na ombi letu linalofuata tumeliandika hivyo.

Kompyuta ya taaluma nilimpelekea fundi mmoja wa Kabwe katika safari ya tatu. Aliifungua mbele yangu, akaniwekea lenzi nione mwenyewe: pini mbili za tundu la HDMI zilikuwa zimeachia kwenye bodi. Akazichomelea upya kwa risasi, dakika arobaini, shilingi 25,000. Inaonyesha picha hadi leo bila mtu kushika waya.

Nilipotoka kwa fundi nilipita dukani kwa yule kijana wa habu kununua waya wa wati 100. Kabla sijasema lolote akaniuliza, "Mama, ni kwa ile kompyuta ya makamu au ile ya shule?"

Wako,

Mwalimu wa Fizikia,
Tukuyu, Rungwe